Masaa Mawili Hadi Kavumu

Siku ile tulikuwa watano kibarazani kwa Fundi: mimi, Mama Neema jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Pasta wa kanisa letu la matofali mabichi, Innocent, Mnyarwanda aliyebeba abiria kwa kabaza, na baiskeli yake ameilaza vumbini kama mgonjwa, na Fundi mwenyewe. Waliotukusanya hawakuwepo. Wadogo zangu watatu, Solange, Patient na Divine, walikuwa wamepanda basi asubuhi pamoja na mama yetu mdogo, kwenda uwanja wa ndege ulio upande wa Lumbadzi, kutoka hapo Nairobi, na kutoka Nairobi Amerika. Mimi niliyewalea tangu baba na mama walipokufa nilibaki Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi. Nilipofikisha umri wa mtu mzima nilipewa karata yangu ya ukimbizi peke yangu, na jina langu likatolewa kwenye karata ya mama mdogo. Siku walipoitwa, waliitwa wa karata yake. Niliuliza kila mlango uliofunguka. Kila mlango ulinijibu kwa upole.

Tulikaa pale kushika saa. Nitaeleza maana yake. Niseme tu mapema kwamba katika jambo lile Fundi alinifanyia kitu, nami nikamwahidi kumfanyia hichohicho zamu yake ikifika. Ndiyo sababu ya kumwandika.

Jina alikuwa nalo, na lilikuwa kwenye karata yake kama majina ya sisi wote, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi. Mafundi cherehani kambini walikuwa wengi, hata wengine walikuwa na mashine mpya kuliko yake, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule wa karibu na bomba la pili, mrefu, mkavu, mwenye mabega yaliyoinama mbele na mita ya kupimia shingoni. Mita hiyo hakuivua. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani. Jumapili moja Pasta alimwambia aiache nyumbani anapokuja kusali.

Fundi akamjibu, "Pasta, na we utaacha ile kola nyumbani?"

"Hii kola ni ya kazi ya Mungu, ndugu yangu."

"Na hii ni ya kazi yangu. Mungu atatujua wote wawili."

Alitoka Bukavu, Kongo, kama sisi, lakini hakuwa fundi huko. Alikuwa mpakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu. Alisema aliweza kujua uzito wa sanduku kwa kumtazama mwenyewe anavyolitembeza. Ndege za kila aina aliziingia, akiwa na mizigo ya watu begani, akaipanga, akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake. Kuruka hakuwahi kuruka hata mara moja. Hili alilisema mwenyewe, bila aibu, kama mpishi wa hoteli anayekuambia kwamba yeye hula kwake.

Ukutani nyuma ya mashine alipigilia kalenda ya kampuni fulani ya ndege. Miezi yote ilikuwa imeshakatwa ikatumika kufungia vitu, ikabaki karatasi ya juu tu, yenye ramani ya dunia na mistari myekundu kutoka mji hadi mji. Mtu akija kupimwa koti la safari, Fundi alimpima kifua, mikono, mgongo, halafu bila kuulizwa aligeuka akapima ramani. Aliweka kidole gumba juu ya Lilongwe, akanyoosha mita hadi mji anaokwenda yule mtu, akakodoa macho, akasema masaa. Alikuwa na hesabu yake ya kubadilisha vidole kuwa masaa, na sidhani kama ilikuwa sahihi. Wengi waliofika walisema walikaa hewani zaidi. Fundi hakujali. Alisema tofauti hiyo ni kosa la rubani.

Lakini palikuwa na kipimo kimoja alichokionyesha kila mtu, awe anakwenda Kanada au Australia. Aliibana mita kwa gumba pale Lilongwe, akainyoosha hadi Nairobi, akaibana tena, halafu bila kulegeza akaizungusha kwenda kushoto, kama mlango unaofunguka. Ncha iliangukia Bukavu.

"Umeona? Nairobi avio inaenda masaa mbili na kidogo. Unazungusha. Kavumu hii hapa. Masaa mbili na kidogo. Ile kidogo unaacha, juu ya kwetu banashuka haraka."

"Fundi," Innocent alimwambia siku moja, "na we ulitumia masaa ngapi kufika huku?"

"Mi sikutumia masaa. Nilitumia viatu."

Ilikuwa kweli. Alivuka ziwa, akakaa Kigoma, akakaa kwingine nchini Tanzania ambako hakupenda kupataja, akapanda lori la mbao hadi Karonga, na alipofika Dzaleka viatu vilikuwa vingine kabisa, si vile alivyoondoka navyo. Nasi wengine njia yetu ilikuwa hiyohiyo. Kabla ya kuiona ramani ya Fundi niliamini kwetu ni mbali mno, mbali kiasi kwamba si haki kulalamika. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ni masaa mawili. Sijui kama nimshukuru. Kuna mambo ambayo mtu akiyajua hayamsaidii, yanamkalia kifuani tu.

Hakuna ndege iliyotoka Lilongwe kwenda Kavumu moja kwa moja. Hilo naye alilijua. Alisema, "Haiko, lakini masaa iko."

Nilianza kwenda kwake mwaka nilioacha shule. Mama alikuwa ameshazikwa, Divine hajaanza kutembea vizuri, na asubuhi nilikaanga mandazi, hivyo mchana ndio niliobaki nao. Fundi alinipa kazi ya vifungo na vitundu vyake. Hakunipa pole ya mama. Hakunipa pole ya shule. Alinipa sindano na kuniita Mukubwa, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa yatima, na alilitamka jina hilo kwa namna ya kukukumbusha kwamba ukubwa si cheo.

"We Mukubwa, hii kifungo ulishona na mikono ao na miguu?"

"Mikono, Fundi."

"Ya nani?"

Nilikuwa nikirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Lakini pia nilikuwa nikirudi na vitambaa. Fundi alilalamika kila siku kuhusu wezi wa vipande vyake, akawatukana mbele ya wateja, na huku vipande vilivyoangukia upande wa kiti changu vilikuwa vikubwa, vimenyooka, vya kutosha gauni la mtoto. Fundi asiyejua kukata angekuwa amefunga kazi zamani. Yeye alijua kukata. Divine alivaa magauni ya vipande hivyo hadi alipoanza shule, na Fundi akimwona amelivaa alimuuliza kwa ukali, "We katoto, hii kitambaa ulitoa wapi?" Divine alikimbia, naye akarudi kwenye mashine.

Makoti ya safari alishona kwa mablanketi. Aliamini baridi ya Amerika huingilia kwapani, kwa hiyo kwapa alizishona mara mbili, na watu walifika Amerika hawawezi kuinua mikono. Ndani upande wa moyo aliweka mfuko wa kuweka ule mfuko wa plastiki wenye karatasi zako, ambao hutakiwi kuuachia hadi ufike. Koti likiisha, hakutaka kukuona tena. Asubuhi ya basi, kambi nzima ikiwa imejaa pale penye majengo ya jela ya zamani, wengine wakilia, wengine wakiimba, Fundi alibaki kwake. Nilimuuliza kwa nini.

"Mi siagi bantu. Koti njo nilishaaga."

Hapo ndipo kushika saa kulipoanzia, nadhani. Asiyekwenda kuaga alihitaji jambo lake. Ndege zinazotoka Lumbadzi kwenda kaskazini hupita juu yetu, nyingine ziko chini kiasi cha kuonekana tumbo. Siku ya safari, waliobaki wa familia walikuja kibarazani kwa Fundi wakangoja. Ndege ikipita, Fundi aliifunika mashine kwa kitambaa, na kuanzia hapo hadi ndege itue Nairobi hakuna aliyekula, hakuna aliyefagia, hakuna aliyegombana, hakuna aliyepiga simu. Chai ilikuwa tayari kwenye birika lakini haikumiminwa. Watu walikaa tu. Masaa yakitimia, Fundi alisema, "Banatua," akaifunua mashine, akalizungusha gurudumu mara moja bila kitambaa chini ya sindano, na chai ikamiminwa. Ndege ya pili na ya tatu hatukuzishikia. Fundi alisema ile ya kwanza ndiyo inayowatoa kwetu, hizo nyingine ni za wazungu na wana watu wao.

Pasta mwanzoni aliona ni ushirikina. Baadaye akawa anakuja, akaomba kuweka neno la sala mwanzoni, na Fundi alikohoa sala ilipokuwa ndefu.

Siku ya wadogo zangu ndege ilipita jua likiwa limesimama utosini. Mama Neema ndiye aliyeiona kwanza. Fundi aliinuka, akatazama na kiganja kimeziba jua, akafunika mashine. Pasta aliomba. Fundi akakohoa.

"Pasta, avio haingoje amina."

Tulikaa. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukaa kiasi kile. Tangu mama afe sikuwa nimekaa bila kazi mkononi, na mikono ilikuwa ikitafuta kitu cha kukunja. Innocent alisema Patient sasa hivi anatapika, kwa sababu alitapika hata siku alipompeleka Dowa kwa kabaza. Mama Neema alisema anayetapika ni mama mdogo, Patient anakula cha kwake na cha wengine. Nilicheka, halafu nikakumbuka sahani tatu nilizoziosha asubuhi na kuzipanga kama kawaida, nikaacha kucheka. Fundi alikaa na mita shingoni, mikono magotini, anautazama mlango wa jirani kana kwamba umeandikwa.

"Banatua," alisema mwishowe. Akazungusha gurudumu. Mama Neema akamimina chai, na nilipoinywa niliona kwa mara ya kwanza siku ile kwamba nina njaa. Pasta alinishika bega akasema, "Wamefika nusu ya kwanza salama, binti yangu." Nilimwamini. Niliwaona kabisa wakishuka ngazi, Divine mgongoni kwa Solange ingawa alikuwa ameshapita umri wa kubebwa.

Jua lilikuwa linashuka na bado tuko pale tukiongea simu ilipolia. Ilikuwa Solange.

"Yaya, tungali huku Lumbadzi. Avio yetu haiyafika. Banasema kesho asubui."

Nilirudia maneno yake kwa sauti ili wote wasikie. Innocent akaanza kujishika mbavu.

"Sasa siye tulishikia nani? Leo kuna muzungu moja ametua Nairobi vizuri kabisa, hajui hata nani alimufungia njaa."

Mama Neema alicheka hadi akaketi chini. Pasta alijaribu kujizuia, akashindwa. Mimi nilimgeukia Fundi. Nilikuwa na uchungu wa siku nzima na sikuwa na pa kuumwaga pengine.

"Ulisema ni yao iliyopita."

"Nilisema avio imepita."

"Fundi, nimelia kwa ndege ya watu."

Alichukua kikombe changu, akakiosha kwa maji ya ndoo, akakigeuza juu ya ubao, akaingia ndani. Wengine walitawanyika wakiendelea kucheka njiani. Kwa mwezi mzima kambini, mtu akikosea nyumba au kumsalimu asiyemjua, waliambiana, "Unashikia muzungu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni na mandazi. Unga ulikuwa umeumuka tangu alfajiri na unga uliokwisha kuumuka haungoji. Ndege ilipopita nilikuwa namhesabia mama mmoja wa Kichewa mandazi yake. Nilisikia mlio, sikuinua kichwa. Niliona yale mambo ya kibarazani yamekwisha, na kwamba tulikuwa watu wazima tuliocheza mchezo.

Ni Mama Neema aliyenieleza, majuma yalikuwa yamepita. Asubuhi ile alipita kwa Fundi kuchukua sketi. Alikuta mashine imefunikwa. Birika lilikuwa mekoni, kikombe kimegeuzwa. Fundi amekaa peke yake, mikono magotini. Mama Neema alipomsalimu, aliinua kidole kimoja tu, kama unavyomnyamazisha mtu kanisani. Mteja mwingine alikuja na suruali ya kukatwa, akafukuzwa kwa kidole hichohicho. Mama Neema alirudi nyumbani, akapika, akala, na aliporudi bado alimkuta hivyo. Alikuwa anawashikia wadogo zangu ndege yao ya kweli.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo.

"Fundi, kwa nini hukuniita?"

"We ulikuwa na mandazi yako."

"Ni wadogo zangu."

"Njo nilikaa. Haiombe bantu mingi. Mutu moja tu asiinuke." Alilamba uzi, akautunga. "Na jana yake tulimupa mutu mwingine masaa yao. Ilibaki kulipa."

Nilimwambia siku yake ikifika nitamshikia yeye, hata wengine wote wakikataa, hata wakinicheka. Nilimwona akicheka, jambo la nadra, maana meno yake ya mbele hayakuwepo na hakupenda watu wayatafute.

"Yangu ni masaa mbili tu, Mukubwa. Haitakuchokesha."

Kila aliyemfahamu alijua kwamba siku ya Fundi maana yake ni Kavumu. Amerika hakuiomba. Jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote ya kwenda mbali, na watu walipomshauri alisema hana mtu huko wa kumshonea. Mama yake alikuwa hai, Kadutu kulekule Bukavu, na Fundi akimtaja alisema, "Mama iko masaa mbili," kama mwingine asemavyo mama yuko jikoni. Lakini hapa ndipo niliposhindwa kumwelewa. Kuna wakati watu wa kwetu walirudi kwa hiari yao, wengine kwa mabasi, hatua kwa hatua, na walifika. Fundi alikataa. Walimwambia njia ipo, viti vipo. Alisema alikuja kwa miguu, hatarudi kwa kiti cha basi, atarudi kwa ndege, ashuke Kavumu mchana, wale aliopakia nao mizigo wamwone anashuka kwenye ngazi na mikono mitupu. Miaka yote aliyoniambia kwetu ni karibu, alikuwa anakataa kwenda.

Mama yake alikufa msimu wa mvua. Habari ilikuja kwa simu ya Pasta. Tulikwenda kukaa naye, tukamkuta anashona sare za shule. Hakusimamisha mashine. Watu walikaa, mvua ikapiga bati. Innocent, ambaye ulimi wake ulikuwa na kasi kuliko baiskeli yake, akasema:

"Fundi, si we unasema kwenu ni masaa mbili? Enda uzike mama, urudi, kesho utashona."

Mama Neema alimpiga kofi la mgongo. Fundi alisimamisha mashine.

"Innocent. Ukibeba mutu kwa kabaza, unapita barabara yenye iko, ao unapita kwenye mita yangu?"

"Barabara yenye iko."

"Njo hivyo."

Akaendelea kushona. Alishona siku ile yote, na kesho yake tuliona kwamba sketi zote alizipinda kwa nje. Alizifumua moja moja kwa wembe, hakuomba msaada, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na vifungo vyangu nilijifanya sioni. Baada ya hapo hakuwahi kuizungusha tena mita kwenda kushoto. Mtu akipimwa koti alimpa masaa yake ya kwenda huko anakokwenda, basi.

Wadogo zangu walipiga simu kila Jumapili mwaka wa kwanza. Baadaye wakawa wanapiga sikukuu. Patient alibadilika sauti nikiwa sijui, nikamwuliza anayeongea ni nani. Divine aliacha Kiswahili kidogo kidogo. Kwanza aliacha kuuliza, halafu akaacha kujibu. Siku moja Solange alimpa simu anisalimie, nikamsikia akimuuliza dada yake kwa Kiingereza, taratibu, kama hataki nisikie, huyu ni yupi. Ninajua Kiingereza cha kuelewa hivyo.

Nilimpelekea Fundi uchungu ule, kwa kuwa ndiye aliyenipa masaa.

"Ulinipimia njia, Fundi. Haya mengine hukuyapima."

"Mi niko fundi wa nguo," alisema. Halafu akaongeza, "Gauni yake ya kidoti, ile ya kwanza. Unayo?"

"Ninayo."

"Weka."

Miaka michache baadaye alihamia Lumbadzi. Alisema ni kwa ajili ya wateja. Innocent alisema ni kwa ajili ya ndege, kwa sababu pale zinapaa juu ya kichwa chako na huhitaji kuweka kiganja machoni. Kushika saa kuliisha naye. Waliondoka watu wengine, makoti yalinunuliwa ya mitumba Lilongwe, na aliyebaki alikwenda nyumbani akafagia.

Mara ya mwisho nilimkuta bila kumtafuta. Nilikwenda Lumbadzi kuuza dagaa waliokaushwa, na nilipokuwa natafuta kivuli nikaona mita shingoni mwa mzee aliyekaa kwenye kibaraza cha duka la unga. Mashine ilikuwa ileile. Ukuta nyuma yake ulikuwa mtupu, na kiti amekigeuza, mgongo kwenye barabara, mgongo kwenye uwanja wa ndege.

"Fundi."

Aliinua uso kuelekea sauti, siyo kuelekea mimi. Macho yalikuwa yameingia ukungu.

"Mukubwa. Kaa hapa. Nitungie sindano."

Nilimtungia. Nilimtungia sindano zote nilizoziona, nikazichomeka kwenye mto wake mdogo zikiwa na nyuzi zinazoning'inia, ili ziwe akiba. Nilimuuliza ramani iko wapi.

"Mvua."

Ndege ilipaa tukiwa pale, bati likatetemeka. Hakugeuka. Nilimwuliza inakwenda wapi hiyo. Alisema hajui, siku hizi zinakwenda popote. Halafu akaniambia kwamba anarudi kwetu. Mtoto wa dada yake amempata kwa simu, ana chumba Bukavu. Atapita Karonga, Mbeya, Kigoma, avuke ziwa.

"Kwa gari?"

"Kwa gari."

"Ulisema utarudi kwa ndege."

"Nilisema."

Mwenye duka, mama mmoja wa Kichewa, alitoka akamwekea sahani ya nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga bila kuulizwa. Fundi akamshukuru kwa Kichewa, zikomo, akaisogeza katikati ili tule wote. Alikula polepole. Alipomaliza alijipangusa vidole kwenye kipande cha kitambaa na kuniuliza:

"Batoto yako niliwashikia?"

"Uliwashikia, Fundi."

"Gari ikitoka hapa, we utakaa masaa mbili. Ile barabara yote niachie mwenyewe, sijui itakuwa siku ngapi. We ushike mbili tu. Ile ya mita."

Nilimwambia nitakaa. Nilimwambia nisichotaka ni kushikia mzungu mara ya pili, kwa hiyo anitumie mtu, anipe siku na saa ya kutoka. Akacheka, akiwa ameziba mdomo kwa mita.

"Ntatuma mutu wa kabaza. Enda sasa, dagaa yako inanuka."

Nilingoja. Kila jioni nilimuuliza Innocent kama kuna mwenzake yeyote aliyetoka Lumbadzi na ujumbe. Birika nililiosha nikaliweka tayari. Mama Neema alikuwa ameshaondoka kwenda kwa mwanawe Area 25 mjini Lilongwe, Pasta alikuwa mgonjwa, kwa hiyo ningekaa peke yangu, na nilikubali, kwa sababu haihitaji watu wengi. Hakuja mtu. Siku ya soko nilikwenda mwenyewe.

Pale kibarazani paliwekwa magunia ya mkaa. Kwenye saruji lilibaki doa la mafuta ya mashine, la umbo la miguu yake minne. Mwenye duka alinitambua.

"Anapita, mayi," alisema. Ameondoka.

Nilimuuliza lini.

"Kaya."

Hakujua. Yeye alikwenda kwenye msiba Chilinde, na aliporudi hakumkuta. Mashine alimwachia jirani. Jirani alisema ilikuwa asubuhi. Mwanamke wa magunia alisema hapana, ilikuwa mchana, na siku haikuwa hiyo. Nilisema zikomo.

Niliketi kwenye ngazi ya duka lile nikafikiria kuanza hapohapo, nihesabu masaa mawili niinuke, jambo liishe. Sikuanza. Magari hutoka Lumbadzi kwenda kaskazini asubuhi, mchana na jioni, yote yana watu, na kila mtu ana kwao. Nikikaa saa isiyo yake, nitakuwa nimemshikia mwingine, kama siku ile.

Kavumu sina wa kunipigia simu. Sijui kama alifika, wala kama alivuka ziwa. Ndege bado zinapita juu ya Dzaleka, na zikipita mikono yangu husimama, halafu inaendelea na kazi. Masaa yake mawili bado ninayo.